Mgonjwa akikaa nyumbani, nani anamlipa?

Ugonjwa wa kuambukiza unapoingia mjini, amri ya kwanza ya waganga ni moja: mgonjwa akae nyumbani. Amri hiyo ni rahisi kutamka. Padri anaitangaza baada ya Misa, mkubwa wa kartye anaizungusha mlango kwa mlango, redio inairudia asubuhi na jioni. Lakini mtu anayeishi kwa mshahara anaisikia kwa masikio mengine. Anajiuliza: nikikaa nyumbani siku kumi na nne, nani atanilipa? Kama hakuna jibu, atameza dawa ya kutuliza homa, atafunga kitambaa kinywani, na kesho alfajiri atakwenda kazini kama kawaida. Huyu si mtu mbaya. Ana watoto wa kulisha.

Labda waseminari watadhani kwamba swali hili ni la makarani wa kompani na la watu wa sheria. Mimi naona ni la kila mtu anayetoa mshahara au anayeupokea. Na katika parokia zetu tuna mpishi, tuna zamu wa usiku, tuna dereva, tuna waalimu. Ili tulielewe vizuri, nimechagua kuangalia nchi moja katika mwaka mmoja: Marekani mwaka 2020, wakati wa korona. Sababu ni mbili. Kwanza, sheria za kule ziliandikwa upesi na kwa hesabu iliyo wazi, hata mtu anaweza kuona kila neno linamwingiza nani na linamtoa nani. Pili, wengi wa ndugu zetu wa Kongo waliokimbilia kule walikuwa katikati ya mambo hayo. Kisha tutarudi kwetu, maana sheria ya Kongo nayo ina neno lake.

Mambo yalivyokuwa kabla ya korona

Watu wengi kwetu wanafikiri kwamba katika nchi yenye mali kila mfanyakazi akiugua analipwa. Sivyo. Mpaka mwanzo wa mwaka 2020 hakukuwa na sheria ya nchi nzima ya Marekani iliyowalazimisha wenye kompani kulipa hata siku moja ya ugonjwa. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1993 inayotoa konje ya majuma 12 katika mwaka kwa mtu mgonjwa sana, au aliyezaa, au anayemwuguza mtoto, mzazi, mume au mke. Lakini konje hiyo haina mshahara. Inamhakikishia mtu kwamba atakaporudi atapata kazi yake. Haisemi atakula nini wakati amelala. Tena haimhusu kila mtu: lazima kompani iwe na wafanyakazi 50 au zaidi, na mfanyakazi awe amekwisha kufanya kazi pale miezi 12 na saa 1,250.

Miji na majimbo kadha walitunga sheria zao wenyewe. Mji wa San Francisco ulipiga kura juu ya siku za ugonjwa zenye mshahara mwaka 2006, na Connecticut likawa jimbo la kwanza kufanya hivyo, mwaka 2011. Mahali pengine yote yalitegemea mapenzi ya bwana wa kazi. Karani wa ofisi alikuwa na siku zake za ugonjwa, zimeandikwa katika mkataba. Mwosha sahani wa hoteli, mchinjaji wa kiwanda, mwanamke anayesafisha vyumba, mara nyingi hawakuwa na kitu. Ndio hao hao waliofanya kazi bega kwa bega na wenzao.

Matunzo ya ugonjwa nayo yalifungwa na kazi, na historia yake inafaa kujulikana. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu, Serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande. Viwanda vilikosa watu, kwa kuwa vijana walikuwa vitani, wala havikuruhusiwa kuwavuta wafanyakazi kwa kuwaongezea fedha. Lakini bima ya ugonjwa, ile ambayo wengi kwetu wanaiita asiransi, haikuhesabiwa kuwa mshahara. Basi makompani yakaanza kutoa bima pale ambapo hayakuweza kutoa fedha. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikathibitisha kwamba bima inayolipwa na bwana wa kazi haitozwi kodi kama mshahara, na desturi ikashika mizizi. Kufika mwaka 2020, watu zaidi ya milioni 150 walipata matunzo kwa njia ya kazi, yao wenyewe au ya mzazi, mume au mke.

Sisi wa Katanga tusishangae sana. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kuacha desturi ya kuleta watu kwa miezi michache na kuwarudisha makwao. Wengi walikuwa wanatoroka au kufa, na kutafuta wengine mbali kuligharimu fedha nyingi. Ikaanza kuandika mikataba ya miaka mitatu, kuwakubali wake na watoto, kujenga lopitali na kugawa posho. Katika Kiswahili cha Lubumbashi mpaka leo juma linaitwa poso, kwa sababu ya ile posho iliyogawanywa kila juma. Kule Marekani na huku kwetu, aliyefunga matunzo ya mgonjwa na kazi alikuwa bwana aliyehitaji mikono. Kwa hiyo siku mikono isipohitajiwa tena, matunzo yanakwenda pamoja nayo. Jambo hilo lilikuwa linajulikana zamani, lakini lilionekana kwa mtu mmoja mmoja, huyu leo na yule kesho. Mwaka 2020 lilionekana kwa watu wengi mara moja.

Sheria ya tarehe 18 Machi 2020

Siku hiyo rais wa Marekani alitia sahihi sheria iliyopitishwa na Bunge kwa haraka, nayo ilianza kufanya kazi tarehe 1 Aprili. Ndani yake mlikuwa na konje mbili. Tuzitenganishe vizuri, kwa sababu watu walizichanganya hata kule kwao.

Konje ya kwanza ni ya ugonjwa. Mfanyakazi wa kutwa alipewa saa 80, ni kusema majuma mawili ya kazi. Mfanyakazi wa nusu siku alipewa kadiri ya saa zake. Aliipata tangu siku yake ya kwanza kazini, bila kungoja miezi 12. Ikiwa Serikali ilimwamuru kujitenga, au mganga alimshauri kujitenga, au yeye mwenyewe alikuwa na dalili na anatafuta kupimwa, alilipwa mshahara wote, lakini usipite dola 511 kwa siku. Ikiwa alikaa nyumbani kumtunza mtu mwingine aliyetengwa, au kumlinda mtoto kwa kuwa shule imefungwa, alilipwa theluthi mbili ya mshahara, usipite dola 200 kwa siku. Na bwana wa kazi hakuruhusiwa kumwambia: maliza kwanza siku zako nyingine za konje.

Konje ya pili ilikuwa ya wazazi peke yao. Shule zilifungwa karibu nchi nzima, na mtoto wa miaka sita huwezi kumwachia funguo za nyumba. Aliyekwisha kufanya kazi siku 30 aliweza kukaa nyumbani mpaka majuma 12. Majuma mawili ya mwanzo hayakuwa na mshahara wa konje hii, ila aliweza kuyajaza kwa ile konje ya kwanza. Majuma kumi yaliyobaki alipewa theluthi mbili ya mshahara, jumla isipite dola 10,000.

Mtu atauliza: fedha hizo zilitoka mfukoni mwa nani? Hapa ndipo ninapoona akili ya sheria hiyo. Bwana wa kazi alilipa, kisha akakata fedha zile zile katika kodi ya mishahara anayodaiwa na Serikali. Kama kodi haikutosha, Serikali ilimrudishia zilizobaki. Hivi mwenye mkate na wafanyakazi wake wanane hakuwa na sababu ya kumfukuza mgonjwa ili kuokoa duka lake. Mzigo ulibebwa na nchi nzima, kwa kuwa nchi nzima ilipata faida mgonjwa alipobaki kitandani. Wengi kwetu husema juu ya mwenye kazi kana kwamba daima ni mtu mwenye mali. Lakini fundi mwenye vijana watatu anaweza kufilisika kwa ugonjwa wa mmoja wao, na sheria inayosahau jambo hilo haitafuatwa.

Je, kukaa nyumbani huko kulisaidia kitu? Kulisaidia. Wataalamu Pichler, Wen na Ziebarth walilinganisha majimbo ambayo watu wake walipata haki mpya kwa sheria hii na majimbo ambayo haki hiyo ilikuwako tangu zamani. Matokeo yao yalitolewa mwezi Oktoba 2020 katika jarida la Health Affairs: mahali ambapo haki ilikuwa mpya, wagonjwa waliohesabiwa walipungua 400 hivi kwa siku katika kila jimbo. Chanjo ilikuwa haijaanza kutolewa kwa watu. Dawa ilikuwa siku ya kazi iliyolipwa.

Walioachwa nje

Sasa tuangalie matundu ya wavu huo. Tundu kubwa lilikuwa namba 500. Sheria iliwahusu wenye kazi wa kompani zilizo na wafanyakazi chini ya 500. Kompani kubwa kuliko hapo haikulazimishwa kitu. Walioitetea namba hiyo walisema kwamba kompani kubwa zina fedha na nyingi zilikuwa tayari na konje zao. Lakini karibu nusu ya wafanyakazi wa makompani ya Marekani wamo katika kompani kubwa kama hizo, na si wote waliokuwa na konje ya kutosha.

Tundu la pili lilikuwa la watu wa lopitali. Sheria ilimruhusu bwana wa kazi kuwanyima konje watoa matunzo, ili wagonjwa wasikose wa kuwauguza. Sababu hiyo inaeleweka. Lakini ofisi ya Serikali inayosimamia kazi ililipanua neno hilo mno, hata kila aliyeandikwa mahali penye matunzo akahesabiwa kuwa mtoa matunzo. Shauri likaenda kwa hakimu wa New York, na mwanzoni mwa Agosti 2020 akalitupa neno hilo. Ilionekana mbele yake kwamba kwa maelezo yale hata msimamizi wa chumba cha kulia katika chuo kikuu chenye shule ya uganga, hata mtunza vitabu wake, wangekuwa watoa matunzo. Mwezi Septemba ofisi ile ikaandika maelezo mengine, membamba zaidi. Miezi mitano ilikuwa imepita, na katika miezi ile mpishi wa lopitali mwenye homa hakuwa na haki.

Tundu la tatu linatugusa sisi watu wa Kanisa. Shirika dogo lenye wafanyakazi chini ya 50, na ofisi ya kazi ilieleza wazi kwamba mashirika ya dini yamo, liliweza kukataa konje ya kulinda mtoto likionyesha kwamba kuitoa kungeliangusha. Zaidi ya hapo, parokia ya Marekani ilifungwa na sheria hii sawasawa na duka la viatu. Hakuna aliyesema kwamba anayefagia kanisa anaugua kwa namna nyingine.

Ndugu zetu wa Waterloo

Turudi kwenye namba 500, kwa sababu nyuma yake kuna watu. Katika jimbo la Iowa kuna mji unaoitwa Waterloo, na pale kuna kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe chenye wafanyakazi 2,800 hivi. Kazi yenyewe ni ya kisu na baridi; watu wanasimama karibu karibu mbele ya mkanda unaoleta nyama bila kukoma. Walioikubali ni wageni wengi: Wabosnia, watu wa Burma, watu wa Mexico, na Wakongo, wengine wao waliokwisha kupita miaka mingi katika kambi za wakimbizi. Ukiingia Waterloo unaweza kusikia Kiswahili dukani.

Kiwanda hicho kilipita 500, kwa hiyo sheria ya Machi haikukihusu. Jimbo la Iowa halikuwa na sheria yake ya siku za ugonjwa. Yaliyobaki ni kanuni za kompani yenyewe. Katika kazi ya namna hiyo ni kawaida kuhesabu alama: ukikosa siku unaandikiwa alama, na alama zikifika kiasi fulani unafukuzwa. Mwezi Machi kompani ililegeza kanuni za kukosa kazi, ikaondoa siku tano ambazo mgonjwa alizoea kuzingoja kabla ya kuanza kulipwa. Mwisho wa Aprili ikapandisha malipo ya ugonjwa kufika asilimia 90 ya mshahara, mpaka tarehe 30 Juni.

Tuseme kweli: hayo yalikuwa mabadiliko mema. Lakini angalia tarehe. Tarehe 22 Aprili kiwanda kilikuwa kimekwisha kusimamishwa kwa sababu ya wingi wa wagonjwa. Watu wa afya wa wilaya ile baadaye walihesabu wafanyakazi 1,031 walioambukizwa, zaidi ya mmoja katika kila watatu. Wengine walikufa. Tarehe 28 Aprili rais aliamuru viwanda vya nyama viendelee na kazi, na tarehe 7 Mei milango ikafunguliwa tena. Basi malipo ya asilimia 90 yalifika baada ya moto kuwaka.

Kule Sioux Falls, katika jimbo la South Dakota, kiwanda kingine cha nyama kilifanya jambo ambalo mimi sioni namna ya kulitetea. Mwezi Aprili 2020, wagonjwa walipokuwa wanaongezeka, wafanyakazi waliahidiwa dola 500 ikiwa hawatakosa kazi mpaka mwisho wa mwezi. Aliyelipanga jambo hilo pengine alifikiri anawashukuru watu hodari. Lakini weka dola 500 mbele ya mama anayesikia koo linamwasha, umwambie zitapotea akikaa nyumbani siku moja. Umemnunua aje na ugonjwa wake.

Kazi ikianguka, bima inakwenda wapi?

Mwezi Aprili 2020 peke yake kazi zaidi ya milioni 20 zilipotea Marekani, na wasio na kazi wakafika asilimia 14.7. Kama tulivyoeleza, bima ya wengi wao ilikuwa imefungwa na kazi. Kwa mtu aliyepoteza kazi iko sheria ya miaka ya 1980 inayomruhusu kubaki katika bima ya kompani aliyoiacha, kwa kawaida mpaka miezi 18, lakini alipe gharama yote mwenyewe pamoja na asilimia 2 ya uandishi. Tupige hesabu. Mwaka 2020 bima ya jamaa nzima kwa njia ya kazi ilikuwa wastani wa dola 21,342 kwa mwaka, na mfanyakazi mwenyewe alitoa 5,588. Zilizobaki zilitolewa na kompani. Akitoka kazini, anaulizwa zile zote na asilimia 2 juu yake: dola 1,814 hivi kila mwezi. Na ni mwezi huu huu ambapo mshahara umekatika.

Bunge lilitafuta njia, kidogo kidogo. Tangu Machi 2020 bima zilikatazwa kumtoza mtu fedha kwa kipimo cha korona. Siku za mwisho za kuomba kubaki katika bima zilisogezwa mbele, kwa sababu barua zilichelewa na ofisi zilifungwa. Waliokuwa katika bima ya Serikali ya maskini, majimbo yalilipwa fedha zaidi kwa sharti la kutowaondoa. Sharti hilo lilidumu mpaka 31 Machi 2023, na nafikiri lilikuwa la maana kuliko mengine yote ya upande wa matunzo, ingawa halikupigiwa kelele. Mwishowe, sheria ya Machi 2021 iliwalipia waliopoteza kazi gharama yote ya bima yao ya zamani, kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Septemba 2021. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu kazi zile kuanguka.

Na konje zile za Machi 2020? Ulazima wake ulikwisha tarehe 31 Desemba 2020, wakati wagonjwa kule walikuwa wengi sana. Kutoka hapo bwana wa kazi aliyependa aliweza kuendelea kuzitoa na kurudishiwa kodi yake mpaka tarehe 30 Septemba 2021, asiyependa hakulazimishwa. Sheria ya nchi nzima haikutungwa tena. Majimbo machache yaliendelea peke yao. Colorado lilitunga sheria mwaka 2020 ya siku za ugonjwa zenye mshahara, na ndani yake likaweka kwamba siku Serikali itakapotangaza hatari ya ugonjwa, wafanyakazi wataongezewa mpaka saa 80. Yaani ugonjwa ujao utaikuta sheria imekwisha kuandikwa.

Na kwetu Kongo?

Sheria yetu ya kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika karatasi inapita ile ya Marekani. Mfanyakazi akiugua, mkataba wake unasimama lakini hauvunjiki, na bwana wa kazi anaendelea kumlipa theluthi mbili ya mshahara wake wa fedha. Zaidi ya hayo, anapaswa kumpatia matunzo yeye na jamaa yake, hata wakati mkataba umesimama. Ni mpaka ugonjwa upite miezi sita mfululizo ndipo anaweza kuuvunja mkataba, naye atoe malipo yanayoamriwa na sheria. Ile theluthi mbili ambayo Bunge la Marekani liliigundua kwa haraka mwaka 2020, sisi tunayo kila siku, kwa malaria, kwa mguu uliovunjika, kwa korona.

Lakini nani anaipata? Ile namba 500 ya Marekani, kwetu iko kwa namna nyingine: ni mkataba. Walio na mkataba unaofuatwa ni wachache. Wengi wanaishi kwa soko, kwa shamba, kwa kuchimba mawe, kwa kusukuma mizigo. Mwezi Machi 2020 mji wa Lubumbashi ulifungwa siku mbili nzima, baada ya watu wawili waliotoka Kinshasa kwa ndege kushukiwa. Siku mbili si nyingi. Lakini mama anayeuza unga kwa bakuli hana bwana wa kumdai theluthi mbili, na unga wa jioni anaununua kwa faida ya asubuhi. Kwa watu kama hao hakuna sheria ya konje itakayosaidia. Kunahitajiwa msaada wa Serikali au wa jamaa, na hilo ni somo lingine.

Hata wenye mkataba waliona mambo magumu. Katika mwaka ule ule, migodi kadha ya Katanga iliwazuia wafanyakazi ndani kwa majuma mengi ili kazi isisimame, mbali na wake na watoto. Mishahara iliendelea, lakini watu walilalamika juu ya vyumba vilivyojaa, juu ya chakula, na juu ya kuchagua kati ya kubaki ndani na kupoteza kazi. Mashirika ya kutetea haki yaliandikia makompani juu ya jambo hilo mwezi Juni. Ni kinyume cha Waterloo: kule mgonjwa alikosa njia ya kutoka kazini, huku mzima alikosa njia ya kurudi nyumbani.

Nimalize na nyumba yetu wenyewe. Padri wengi wanadhani kwamba zamu wa parokia hana mkataba, kwa sababu hakuna karatasi. Sheria haisemi hivyo. Inataka mkataba uandikwe. Lakini usipoandikwa, mfanyakazi anaweza kuuthibitisha kwa njia nyingine, nao unahesabiwa kuwa mkataba usio na mwisho. Tena haiwatengi watumishi wa nyumbani. Basi tuseme zamu analipwa franka 150,000 kwa mwezi, akalala miezi miwili kwa ugonjwa. Anastahili franka 100,000 kila mwezi, na dawa zake, za mkewe na za watoto zinaiangukia parokia. Parokia isiyoweka akiba kwa jambo hilo itafanya kile kinachofanywa mahali pengi: itamlipa nusu, au itamwita kijana mwingine, na mwenye ugonjwa atarudi kazini anatetemeka kabla kijana hajazoea.

Kwa mwalimu wa kateksimu mambo si wazi vile. Yule anayepewa mshahara kila mwezi na kuamriwa kazi yake na padri yuko karibu sana na mfanyakazi, hata kama tunamwita mtumishi wa Mungu. Yule anayefundisha bure na kupewa kitambaa cha shati wakati wa Noeli hana theluthi mbili ya kitu chochote; akiugua, inabaki hiari ya kamati ya kigango chake. Mwenye parokia na awatenganishe hao katika daftari kabla ugonjwa haujafika: jina, tarehe aliyoanza kazi, mshahara wa mwezi, majina ya mke na watoto, na lopitali watakayopelekwa. Ukurasa mmoja kwa kila mtu unatosha.